Ratiba ya usafi wa nyumba kwa anayetoka alfajiri na kurudi usiku: tuijenge pamoja

MamaKibada

Habari za muda huu, wanajamvi.

Uzi huu nimeuanzisha kwa ajili ya watu wanaotoka nyumbani saa 11 alfajiri kuwahi kivuko au daladala, wanarudi saa 2 usiku, na bado wanataka kulala kwenye nyumba safi. Mimi niko Kigamboni, nyumba ya kupanga: vyumba viwili, sebule, jiko la ndani na choo cha ndani. Nje ni mchanga mtupu, na maji ya kisima yana chumvi. Nitakayoyasema yanafuata mazingira hayo. Wa mikoani na wa nchi jirani mtaongeza ya kwenu.

Msimamo wangu ni huu: ratiba nyingi za usafi hufa kwa sababu zimebebeshwa kazi ambazo hazina haja ya kufanywa kila siku. Mtu anaandika kwenye karatasi: deki nyumba nzima kila asubuhi, futa madirisha, sugua bafu, panga makabati. Wiki haijaisha, karatasi bado iko ukutani lakini hakuna anayeiangalia. Uchafu hauingii ndani kwa kasi moja. Upo unaoleta shida usiku huohuo, upo unaohitaji wiki nzima kabla haujawa tatizo, na upo ambao hata ukiuacha miezi mitatu hakuna atakayeumwa. Ratiba ifuate hilo.

Za kila siku kwangu ni nne, na zote kwa pamoja hazizidi nusu saa.

Kubwa kuliko zote ni vyombo. Vyombo visilale. Wale mende wadogo wa kahawia wanaojazana nyuma ya friji na kwenye bawaba za makabati hutoka gizani kutafuta chakula na maji. Jike hubeba kifuko chenye mayai 30 hadi 40, na hutembea nacho mpaka mayai yanapokaribia kuanguliwa. Sufuria yenye ukoko wa ugali iliyolowekwa mpaka asubuhi inawapa vyote viwili, chakula na maji. Tena, hata ukiweka ile dawa ya jeli, mende aliyeshiba makombo hana sababu ya kuigusa. Kwa hiyo: osha vyombo, futa meza na jiko la gesi, kausha sinki kwa tambara, toa taka au funika dastibini. Hii hairukwi, hata uwe umechoka vipi. Nyingine zote zinaweza kusubiri.

Kisha kufagia, lakini si nyumba nzima. Fagia pale miguu inapopita: mlangoni, katikati ya sebule, jikoni. Mchanga ukikanyagwa juu ya tailizi unakwaruza uso wake, ndiyo maana sakafu ya mlangoni hupauka mapema kuliko ile iliyo chini ya makochi. Ule utaratibu wetu wa pwani wa kuvua viatu nje unafanya kazi kubwa kuliko sabuni ya aina yoyote. Ukiongeza zulia gumu la kukwangulia miguu nje na jingine la kitambaa ndani, utaona mwenyewe kizoleo kinabeba kidogo kiasi gani.

Choo kinapigwa brashi na sabuni ya unga kidogo, basi. Aliyeoga wa mwisho anavuta maji ya bafuni kwa skwiza mpaka sakafu ibaki kavu. Ukungu unapenda unyevu kuliko unavyopenda uchafu. Na kabla ya kulala kila kitu kinarudi mahali pake: madaftari, nguo zilizo kwenye kiti, viatu, chaja. Nyumba yenye vitu vilivyozagaa haifagiliki, maana utakesha ukihamisha vitu.

Sasa za wiki. Kwangu Jumatatu ni vyumba vya kulala, Jumatano ni bafu na choo kwa kina, Ijumaa ni jikoni, Jumamosi ni sebule na mashuka. Jumanne na Alhamisi nimeziacha wazi makusudi. Wiki zetu zina misiba, wageni wasiopiga simu, maji kukatika, foleni. Kazi iliyokwama Jumatatu inapata pa kwenda bila kuvuruga siku nyingine.

Ndani ya chumba, fuata mpangilio mmoja: juu kwenda chini, kavu kabla ya maji. Anza na utando wa buibui kwenye pembe, kisha pangaboi, kisha juu ya makabati na fremu za madirisha, kisha fagia, ndipo udeki. Ukideki kabla ya kufuta pangaboi, utadeki mara mbili. Pangaboi lina njia yake rahisi: chukua foronya ya zamani, ivalishe bapa moja, ibane kwa viganja kisha ivute taratibu kuelekea kwako. Vumbi lote linabaki ndani ya foronya badala ya kuangukia kitanda. Na umeme uwe umezimwa.

Kuna kazi moja ya wiki ambayo naomba isikosekane kwenye ratiba ya mtu yeyote wa Dar: kusugua mapipa, ndoo na madumu ya kuhifadhia maji. Mji huu umepata milipuko ya homa ya dengi, mwaka 2014 na tena mwaka 2019. Mbu anayeieneza, Aedes, huuma mchana na anapenda maji yaliyotulia karibu na watu, yaani hayohayo tunayokinga kwa sababu ya mgao. Hutaga mayai kwenye ukuta wa chombo, juu kidogo ya maji, na mayai hunata. Kumwaga maji tu hakutoshi, kwa sababu mayai hustahimili ukavu kwa miezi, kisha huanguliwa maji yakirudi. Lazima usugue kuta za ndani kwa brashi. Na kwa kuwa kutoka yai mpaka mbu kamili huchukua takribani wiki moja au zaidi kidogo kwenye joto letu, kusugua mara moja kwa wiki kunakata mzunguko. Usisahau sahani za chini ya maua, chombo cha maji nyuma ya friji, matairi uani. Mapipa yafunikwe wakati wote.

Kuhusu jiki, wengi wanaitumia kama sabuni. Jiki haiondoi uchafu, inaua vijidudu, na ikikutana na uchafu nguvu yake inaishia hapo. Osha kwanza kwa sabuni, suuza, ndipo uipake. Ikiwa chupa imeandikwa asilimia 3.5, vijiko viwili vya chakula kwenye lita moja ya maji vinatosha kwa sinki, sakafu ya choo na ubao wa kukatia. Iache dakika 10 kisha suuza. Changanya ya kutumia siku hiyo, maana ikikaa, hasa juani, inapoteza nguvu.

La mwisho kuhusu jiki, na hili nalisema kwa uzito: USICHANGANYE jiki na dawa ya choo yenye tindikali, wala siki, wala ndimu. Inatoka gesi ya klorini, ambayo inachoma macho na mapafu, na vyoo vyetu vingi ni vidogo, dirisha liko juu na limefungwa. Pia choo chenye mkojo umwagie maji ya kutosha kabla ya jiki, kwa sababu amonia ya mkojo nayo inatoa gesi mbaya. Ukisikia harufu kali inakukaba, toka nje uache mlango wazi. Usibaki kumalizia.

Za mwezi mimi nazifungamanisha na Jumamosi ya mwisho, ile ya usafi wa mazingira tuliyoizoea tangu mwishoni mwa 2015. Wote tunakuwa nje asubuhi tunafyeka na kuzoa, kwa hiyo ukirudi ndani endelea: nyavu za madirisha, nyuma ya friji, mapazia, magodoro juani. Karibuni.


KakaWaGoba

Dada MamaKibada, uzi mzuri, ila mimi nipo tofauti kidogo. Hii ya kugawa siku kwangu haifai. Jumatatu mpaka Ijumaa nikirudi sina hata nguvu ya kufungua kopo la sabuni. Jumamosi naamka mapema, nafungua muziki, saa tatu mfululizo nyumba inang'aa. Naishi peke yangu. Kwa nini nijitese kila siku?


MamaKibada

Kaka, kwa mtu anayeishi peke yake Jumamosi inaweza kubeba kazi zote za wiki, wala sikupingi. Nyumba ya mtu mmoja haichafuki kama ya watu sita. Ninachokuomba ni vyombo na taka visiingie kwenye mkumbo wa Jumamosi. Hivyo ni vya usiku uleule. Kama hupiki, sawa, lakini chipsi zikiliwa sebuleni na mfuko ukabaki mezani, mende na panya hawajui kwamba unaishi peke yako. Ukibakiza hivyo viwili kila siku, Jumamosi yako itapungua hata hizo saa.


BintiMalindi

Assalaam alaykum. Niko Unguja, Mji Mkongwe, na nataka kusema juu ya kuta, kwa sababu wengi wakihamia nyumba za kale wanazisafisha kama za bara.

Nyumba hizi ni za mawe ya matumbawe na chokaa. Kuta zake zinavuta unyevu na kuutoa. Ukiona unga mweupe unaanguka chini, ile ni chumvi inatoka ukutani na maji. Usiisugue kwa maji mengi, unazidi kuulisha ukuta. Pigia brashi kavu, zoa, fungua madirisha upepo upite. Na tafadhali msifunike ukuta wa namna hiyo kwa rangi ya plastiki ili "ufutike vizuri". Unyevu unabaki ndani, rangi inavimba, inabanduka na plasta yake. Chokaa ipakwe chokaa.

Kabati lisigusane na ukuta. Acha nafasi ya kiganja. Nguo zilizonuka uvundo nyingi zinatokana na hilo, watu wakadhani ni sabuni.

Kuhusu ratiba, kwetu wiki inafuata Ijumaa. Alhamisi alasiri nyumba inafagiwa, mashuka yanabadilishwa, uani kunamwagwa maji, na jioni unafukizwa udi. Mama yangu hakuwahi kuandika karatasi, wala hatukuihitaji. Anayeshindwa kushika ratiba aitafutie siku ambayo tayari ina heshima nyumbani kwake, iwe Ijumaa, Sabato au Jumapili, usafi uje siku moja kabla.


MamaKibada

Waalaykum salaam, Bi Malindi. Hili la kuifungamanisha na siku yenye heshima ni zuri mno, na ni kweli watu hawasahau. Na hiyo ya kabati inafaa pwani nzima, hata nyumba za tofali za saruji, hasa masika.


FundiMabomba_Moro

Wakuu, mimi ni fundi bomba. Nitaongea machache.

Sinki nyingi ninazozibua zimezibwa na mafuta. Mtu anakaanga samaki, anamwaga mafuta ya kikaango kwenye sinki, anafuatisha maji ya moto akiamini yameondoka. Yameondoka machoni. Mbele kidogo kwenye bomba yanapoa, yanaganda, yanakusanya wali na majani ya chai. Futa kikaango kwanza kwa karatasi au gazeti, tupa kwenye taka, ndipo uoshe. Weka kichujio kwenye tundu la sinki. Mara moja kwa mwezi fungua ile sehemu iliyopinda chini ya sinki, weka ndoo chini, imwage. Ni ya kufungua kwa mkono, haihitaji fundi. Kile kipinde kinashikilia maji ili harufu ya karo, yaani shimo la maji taka, isipande, kwa hiyo bafu lisilotumika nalo limwagie maji kila wiki. Harufu nyingi mnazoita "choo kinanuka" ni kipinde kimekauka.

Na wenye karo la nyumbani: jiki nyingi kila siku inaua bakteria wanaooza uchafu mle ndani. Karo linajaa kabla ya wakati. Kiasi alichotaja mwenye uzi hakina shida. Tatizo ni wale wanaomwaga nusu lita kila asubuhi.


Umoja_Bedsita

Niaje wadau. Mimi niko Nairobi, mtaa wa Umoja, kwa bedsita. Chumba kimoja: kitanda, kochi, meko, kila kitu. Hapo hakuna Jumatatu ya chumba cha kulala na Ijumaa ya jikoni, vyote viko hatua tatu kutoka kwa kila kimoja. Maji hapa yanakuja siku mbili kwa wiki, kwa hivyo ratiba yangu ni ya maji.

Siku ya maji nafua kwanza. Maji ya kusuuza nguo siyamwagi, nayatumia kupiga deki, na ya kupiga deki yanaingia chooni. Maji ya ndoo moja yanafanya kazi tatu. Sabuni iliyobaki kwenye yale maji ya kusuuza inatosha kabisa kwa sakafu.

Shida ya chumba kimoja ni harufu na mvuke wa kupika kushika nguo na matandiko. Mimi kabla ya kuwasha gesi nafungua dirisha na mlango, na nguo zote ziko kwa kabati au zimefunikwa na leso kuukuu. Ukikaanga, funika. Ukuta wa nyuma ya meko nimeuwekea karatasi ya foili, nikibadilisha kila baada ya wiki chache hakuna mafuta ya kukwangua. Na jamani, wanaotumia jiko la makaa: msiingize ndani ya nyumba kama hizi, hata kama mvua inanyesha, hata kama makaa yanaonekana yameiva. Ile hewa yake haina harufu na inaua watu wakiwa wamelala.

Kitu kingine. Kwa chumba kidogo, kununua kitu kipya bila kutoa cha zamani ndiko kunakoharibu usafi. Mimi nikileta sufuria moja, moja inatoka.


MamaKibada

Asante sana, ndugu wa Umoja. Ratiba inayofuata maji ni ya kweli hata kwetu. Nyongeza moja tu: maji yaliyofulia nepi au yaliyotoka chooni yasirudi jikoni kwa namna yoyote. Matambara nayo yatofautishwe. Langu la jikoni ni la bluu, la choo ni jekundu, na hayaoshewi beseni moja. Yote baada ya kazi yanasuuzwa na kuanikwa juani. Dekio linaloachwa limelowa ndani ya ndoo ndilo linalofanya sakafu inuke saa moja baada ya kudeki.


DadaWaNdani

Naomba na mimi niandike, maana naona wenye nyumba wanaongea lakini sisi tunaofanya kazi za ndani hatujaongea.

Nimefanya kazi kwenye nyumba kadhaa hapa mjini. Kinachochosha si kazi. Kinachochosha ni kuambiwa "safisha nyumba" bila kuambiwa inaishia wapi. Nimefua, nimepika, nimedeki, mama anarudi jioni anaangalia juu ya kabati anasema nyumba chafu. Kesho nikianza na juu ya kabati anauliza mbona madirisha. Ukinipa orodha, leo chumba hiki, kesho kile, na ikiisha nipumzike, nitafanya vizuri na hata mtoto nitamwangalia nikiwa na akili iliyotulia.

Jingine ni mikono. Jiki na dawa ya choo bila glavu zinachubua vidole, na usiku unashindwa hata kushika chapati ya moto. Glavu ni bei ndogo. Na dawa mkizimimina kwenye chupa za maji ya kunywa, andikeni juu au msimimine kabisa. Nyumba yenye mtoto hilo ni hatari kubwa.

Na watu wa nyumba wakisuuza sahani zao wenyewe kabla ya kuziacha, kazi yangu ya usiku inapungua nusu.


MamaKibada

Dada, asante kwa kuandika, na naomba kila mwenye nyumba aliyepita humu asome ujumbe wako kabla ya kusoma wangu. Ratiba iliyoandikwa inamlinda anayefanya kazi kuliko inavyomsimamia. Mwenye nyumba anayetaka dirisha lifutwe leo aondoe kitu kingine kwenye orodha ya leo. Na Jumapili ya mapumziko ibaki ya mapumziko.

Hilo la chupa lichukuliwe kwa uzito wote. Jiki ndani ya chupa ya maji inafanana na maji kwa mtoto, na hata kwa mtu mzima aliyeamka usiku na kiu. Ikitokea mtoto amekunywa, msimlazimishe kutapika, kwa sababu ikirudi inamchoma tena koo. Msuuze mdomo, mkimbizeni hospitali pamoja na chupa yenyewe ili daktari aone alichokunywa.


BabaMapacha

Mama Kibada, shikamoo kama wewe ni mkubwa kwangu. Mimi na mke wangu wote tunafanya kazi, tuna mapacha wa miaka sita na binti wa miaka kumi na mbili. Hatuna dada wa kazi. Binti ndiye anayeelemewa, na naona si haki. Niwagawieje? Na mapacha wanaweza nini?


MamaKibada

Marahaba, baba. Umeona jambo ambalo wazazi wengi hawalioni. Katika nyumba zetu msichana mkubwa anageuka mama wa pili, na shule inaumia.

Kwanza gawa kwa kazi nzima, usigawe kwa "kusaidia". Ukisema unamsaidia mkeo vyombo, vyombo vimebaki vya kwake. Chukua kazi yako kabisa: labda bafu na choo, mapipa ya maji na taka. Kuanzia kukumbuka kwamba brashi imechakaa mpaka kununua nyingine, ni juu yako. Kazi ya kukumbuka ndiyo nzito, na ndiyo ambayo haionekani.

Mapacha wa miaka sita wanaweza kutandika kitanda, wakakunja nguo ndogo, wakapanga viatu mlangoni, wakafuta meza, wakakusanya vitu vya kuchezea kwenye beseni moja kabla ya kula. Wasiguse jiki wala dawa ya choo. Watatandika vibaya, na shuka litabaki limepinda. Liache. Ukirudia mbele yao, kesho watakungoja wewe.

Binti mpe kazi moja ya kila siku na moja ya wiki, basi. Wakati wa mitihani mwondolee hata hizo. Na mapacha wakifika umri wake nao wapewe zilezile.


Chausiku_Mbagala

Jamani swali langu ni la choo. Maji yetu ya kisima yameacha rangi ya kahawia na ukoko mgumu ndani ya bakuli la choo na kwenye bomba. Nimemwaga jiki mpaka nimechoka. Nyumba ni ya kupanga na mwenye nyumba anasema nimechafua.


FundiMabomba_Moro

Jiki haitatoa hiyo. Tena kama maji yana madini ya chuma, jiki inayafanya yakolee. Ile si kinyesi, ni madini. Inatolewa na tindikali.


MamaKibada

Fundi amesema kweli. Chausiku, fanya hivi. Kwanza vuta maji mara kadhaa, na usitumie jiki siku hiyo wala kesho yake, ili visikutane. Usiku watu wakishalala, punguza maji ya kwenye bakuli: yasukume kwa brashi yaingie ndani au yachote kwa kopo kuukuu. Mimina siki nyeupe mpaka ifunike ukoko, iache mpaka asubuhi, kisha sugua kwa brashi ngumu. Ukoko wa miaka hautoki kwa usiku mmoja. Rudia. Pale juu siki isipofika, loweka karatasi za chooni kwenye siki uzibandike. Bomba la sinki lifunge kwa kitambaa kilicholowa siki, nusu saa, kisha futa na suuza.

Siki ikishindwa ndipo ununue dawa ya choo yenye tindikali, usome maelekezo, uvae glavu, dirisha wazi. Na angalia sakafu yako: kama ni saruji au terazo, tindikali isidondokee, inaila. Marumaru za asili nazo hivyohivyo. Tailizi za kawaida hazina shida, lakini saruji iliyo kati yake inaliwa taratibu.

Ukishaliondoa, liingize kwenye ratiba: kikombe kimoja cha siki mara moja kwa wiki, usiku, siku ambayo jiki haitumiki. Mimi naweka Jumatano. Na piga picha kabla na baada, umwonyeshe mwenye nyumba pamoja na ndoo ya maji ya kisima iliyokaa usiku mzima. Aone mwenyewe mashapo yaliyotulia chini.


Chausiku_Mbagala

Nashukuru mno. Siki ninayo, naanza leo usiku. Nitaleta picha Jumamosi.